Mkondo Usioonekana: Historia ya Picha za Limfu na Mguu Uliovimba wa Nyanda za Juu

Kando ya damu, mwili una mkondo wa pili wa maji. Damu inapopita kwenye vishipa vidogo kabisa, sehemu ya maji yake huchujika na kuingia kati ya seli pamoja na protini. Kazi ya kuyakusanya na kuyarudisha ni ya mishipa ya limfu. Huyachukua kutoka kwenye ngozi na nyama, huyapitisha kwenye tezi, zile ambazo zikivimba kinenani watu huziita mitoki, kisha huyamwaga kwenye damu chini ya shingo. Mfereji mkuu wa kifuani hupitisha kiasi cha lita 2 hadi 4 kwa siku. Mkondo huo ukiziba, au mishipa ikilegea na kushindwa kusukuma, maji hubaki pale yalipo. Mguu huvimba, ngozi hukakamaa, na miaka ikipita huota vinundu na mikunjo. Pwani ya Tanzania inaujua mguu wa namna hiyo tangu zamani, pamoja na mabusha, na huko chanzo chake kikubwa ni minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mguu uliovimba hivyo kwa kuutazama tu hautofautiani sana na ule wa Pangani au Mafia, ingawa chanzo chake kinaweza kuwa kingine kabisa. Kuvitenganisha vyanzo hivyo kulihitaji kwanza watu waweze kuiona limfu yenyewe.

Jambo hilo lilichukua karne tatu na zaidi. Limfu ya mguuni haina rangi, na mishipa yake ni myembamba mno kiasi kwamba mpasuaji anaweza kuikata asitambue. Tarehe 23 Julai 1622, nchini Italia, Gasparo Aselli alimpasua tumbo mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimetanda kwenye utando unaoshika utumbo. Alidhani ni neva. Alipoukata uzi mmoja, ukatoka ute mweupe kama maziwa. Mafuta ya chakula yalikuwa yameitia limfu rangi, na mshipa uliokuwa umefichika siku zote ukaonekana. Aselli alifariki mwaka 1625, na kitabu chake kilichapishwa 1627 kikiwa na michoro ya rangi. Mwaka 1651 Mfaransa Jean Pecquet aliueleza mfereji wa kifuani, na muda mfupi baadaye Olof Rudbeck wa Sweden na Thomas Bartholin wa Denmark walionyesha kuwa mishipa hiyo imeenea mwili mzima, si tumboni pekee. Mwaka 1787 Paolo Mascagni wa Siena alitoa michoro mikubwa ya limfu ya binadamu, aliyoipata kwa kujaza zebaki kwenye mishipa ya maiti. Michoro yake inastaajabisha hadi leo kwa uangalifu wake. Lakini maiti haivimbi mguu, na zebaki haimwambii mtu limfu inatembeaje.

Hatua ya kuiona kwa mtu aliye hai ilianzia kwenye rangi. Mwaka 1933 Stephen Hudack na Philip McMaster, wa Marekani, walidunga rangi ya buluu kidogo sana chini ya ngozi ya watu wazima wenye afya, wakaona michirizi ikichomoza na kupanda. Ilikuwa limfu. Kilichobaki kilikuwa kuifuata pale ngozi inapoificha, na hapo ndipo John Kinmonth, daktari wa upasuaji wa London, alipoingia. Mwaka 1952 alichapisha njia yake. Rangi ya buluu hudungwa kati ya vidole vya mguu. Baada ya dakika chache mshipa wa limfu juu ya unyayo hugeuka buluu. Daktari hupasua ngozi kidogo, huutenga mshipa huo mmoja, hupenyeza ndani yake sindano nyembamba kuliko mshipa wenyewe, kisha husukuma polepole dawa inayoonekana kwenye eksirei. Kazi hiyo ilidai mikono tulivu na saa kadhaa za subira, za daktari na za mgonjwa pia. Baadaye dawa za mafuta yenye iodini zilichukua nafasi ya zile za maji, kwa kuwa hazikuvuja upesi nje ya mshipa, ingawa mafuta hayo yaliweza kufika hadi mapafuni na kuleta madhara.

Picha za Kinmonth zilibadili maana ya ugonjwa. Kabla yake, uvimbe wa limfu ulidhaniwa na wengi kuwa kitu kimoja chenye sababu moja: kuziba. Mwaka 1957 yeye na wenzake waligawa wagonjwa waliozaliwa na kasoro kwa kufuata kile eksirei ilichoonyesha: wengine hawakuwa na mishipa ya kuonekana kabisa, wengi walikuwa na michache na myembamba kuliko kawaida, na wengine walikuwa nayo mingi, iliyotanuka na kujipindapinda. Miguu iliyofanana kwa nje ilikuwa na habari tatu tofauti ndani.

Afrika Mashariki haikukaa mbali na kazi hiyo. Mwaka 1961, miaka tisa tu baada ya makala ya Kinmonth, jarida la Marekani la tiba ya nchi za joto lilichapisha kazi ya madaktari waliokuwa Kenya kuhusu picha za limfu za wagonjwa wa filaria. Aliyeongoza alikuwa L. B. Cohen, na miongoni mwa wenzake walikuwa George Nelson, mtaalamu wa minyoo, na Clinton Manson-Bahr, mjukuu wa Patrick Manson aliyegundua huko Amoy, China, mwaka 1877 kwamba mbu hunyonya vimelea vya filaria kutoka kwenye damu ya mtu. Babu alimwona mnyoo mchanga ndani ya mbu; mjukuu akashiriki kuitazama mishipa ambamo mnyoo mzazi huishi. Picha za wagonjwa wa filaria zimeonyesha jambo ambalo nadharia ya kuziba haikulitarajia: mara nyingi mishipa haikuwa imekatika, bali imetanuka, imepinda, imezaa njia za pembeni, na vali zake hazifungi tena. Limfu ilikuwa na njia ya kupita. Kilichokosekana ni nguvu ya kuisukuma juu.

Cohen huyohuyo alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla, katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki, kuhusu wagonjwa wa namna nyingine: watu wa Ethiopia na Kenya waliovimba miguu bila filaria. Katika Tanganyika tayari Peter Jordan, Hope Trant na W. Laurie walikuwa wametoa taarifa mwaka 1956 kuhusu matende yasiyotokana na filaria. Taarifa hizo zilikuwa fupi, na kwa miaka mingi zilikaa pembeni mwa maarifa ya tiba, kwa sababu kila mguu mnene barani Afrika ulihesabiwa kuwa wa mbu. Hesabu hiyo ingepaswa kutiliwa shaka mapema zaidi. Mnyoo wa filaria hawezi kukomaa ndani ya mbu bila joto la kutosha. Baridi humchelewesha, na mbu hufa kabla mnyoo hajawa tayari kumwingia mtu mwingine. Kadiri mtu anavyopanda mlima, ndivyo matende ya mbu yanavyopungua. Inakuwaje basi miguu ivimbe kwa wingi kwenye vijiji vya baridi, juu kuliko mbu wa filaria anavyoweza kufanya kazi yake?

Jibu lilitoka kwa Ernest Price, daktari Mwingereza wa upasuaji wa mifupa aliyefanya kazi Ethiopia, awali kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Aliona kuwa wagonjwa wa miguu iliyovimba walikuwa wengi mno kupuuzwa, kwamba walikuwa wakulima wanaotembea pekupeku, na kwamba vijiji vyao vilikuwa juu ya udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano. Price hakutegemea eksirei. Alizichukua tezi za kinenani na kuzipeleka kwenye darubini. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Henderson walichapisha vipimo vya madini yaliyokuwa ndani ya tishu hizo za watu waliotembea bila viatu: silikoni, alumini na mengineyo, yaleyale ya udongo wa shambani. Chembe ndogo kabisa za udongo zilikuwa zimepenya ngozi ya unyayo, zikabebwa na seli za kinga hadi kwenye limfu. Mwaka 1985, pamoja na N. Fyfe, alionyesha kwa sungura kwamba silika ikiingizwa kwenye limfu huamsha uvimbe, kisha makovu, kisha mshipa hujifunga. Ugonjwa huo aliupa jina podokoniosisi. Hauletwi na mdudu wala hauambukizwi, na huweza kuzuiwa kabisa kwa viatu.

Baada ya Price, wengine waliutafuta na kuukuta. Mwaka 1986 Crivelli aliandika kuhusu milima ya Nyambene huko Meru, Kenya. Mwaka 1988 De Lalla na wenzake walieleza wagonjwa 30 wa wilaya ya Iringa, ushahidi wazi kwamba Tanzania bara ina matende ambayo hayakuletwa na filaria. Mwaka 2001 watafiti waliutaja Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2011. Mwaka 2012 uchunguzi wa vinasaba vya watu wa kusini mwa Ethiopia ulieleza kwa nini katika familia moja inayolima shamba moja ndugu mmoja huvimba na mwingine hapana: kuna tofauti za kurithi katika sehemu ya vinasaba inayosimamia kinga ya mwili. Utafiti wa nchi nzima ya Rwanda, uliochapishwa 2019, ulikuta wagonjwa katika wilaya zote 30.

Ukiitazama ramani ya ugonjwa huo, jicho hufuata Bonde la Ufa kutoka Ethiopia kushuka kusini, na katika njia hiyo hukutana na Mlima Hanang. Ni volkano iliyozimika, yenye kimo cha mita 3,417 hivi, inayosimama peke yake juu ya Katesh. Udongo wa miteremko yake umetokana na lava na majivu, na ni laini kiasi kwamba tarehe 3 Desemba 2023 mvua iliushusha mlimani ukiwa tope, ukafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Basotu, upande wa magharibi, ni nchi ya maziwa yaliyokaa ndani ya makasoko ya volkano. Mbulu ni habari nyingine kidogo. Sehemu kubwa ya nyanda zake imelala juu ya mwamba wa kale sana, ingawa ni za juu, za baridi na zenye mvua, na udongo wake mwingi ni mwekundu. Kwa hiyo wilaya hizi mbili jirani, zinazokaliwa na Wairaqw wakulima na Wadatoga wafugaji, hazifai kuhesabiwa kuwa ardhi moja. Masharti aliyoyataja Price, yaani kimo cha zaidi ya mita 1,000, mvua nyingi, udongo wa volkano na miguu isiyofunikwa, hukutana zaidi upande wa Hanang. Ndala na makatambuga ya matairi, viatu vya kazi vya wengi huko, humlinda mtu dhidi ya miiba lakini huacha vidole na sehemu kubwa ya juu ya unyayo wazi kwa udongo.

Wakati Price akitumia darubini, picha zenyewe zilikuwa zikibadilika. Sindano ya Kinmonth ilianza kuachwa, kwanza kwa ajili ya mionzi. Tangu mwaka 1953 Sherman na Ter-Pogossian walikuwa wameonyesha kuwa dhahabu yenye mionzi ikidungwa chini ya ngozi hufuata limfu hadi kwenye tezi. Baadaye tekineti ilichukua nafasi ya dhahabu. Hapa mshipa hautafutwi kwa kisu. Chembe zenye mionzi hudungwa kati ya vidole, na kamera maalumu huhesabu zinavyopanda. Picha haina uzuri wa eksirei, ila huonyesha mwendo: limfu inafika kinenani kwa muda gani, au inatawanyika ngozini kwa kukosa njia. Mwaka 1994 njia hiyo ilileta habari nzito kutoka Recife, Brazil. Freedman na wenzake walipima watu wenye vimelea vya filaria kwenye damu lakini wasio na uvimbe wowote, wakakuta limfu yao tayari imeharibika. Mgonjwa anayejiona mzima alikuwa amekwisha kuanza safari ya matende.

Kwa Tanzania, hata hivyo, mashine iliyofanya kazi kubwa zaidi ni altrasaundi, kwa sababu hubebeka na haidai sindano wala mionzi. Mwaka huohuo wa 1994, Recife pia, Amaral na wenzake walielekeza altrasaundi kwenye mishipa ya limfu ya korodani, wakaona minyoo mikubwa ya filaria ikijipinda bila kutulia. Mwendo huo, ambao haufanani na mtiririko wa damu wala wa maji, watafiti waliuita ngoma ya filaria. Mwaka 2002 Paul Simonsen na wenzake, akiwemo Mwele Malecela aliyekuja kuongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), walichapisha kazi iliyotumia kipimo hicho Masaika nchini Tanzania na Kingwede nchini Kenya, wakagundua pia mabusha yaliyokuwa bado madogo kuonekana kwa macho.

Kisha ukaja utafiti wa Kimang'a, wilayani Pangani. Wanaume 72 waligawanywa: wengine walimeza doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, wengine vidonge visivyo na dawa. Dawa hiyo haimlengi mnyoo moja kwa moja, bali huua bakteria wanaoishi ndani yake, ambao mnyoo hawezi kuishi bila wao. Swali lilikuwa kama minyoo wazazi wamekufa, na hakuna tone la damu linaloweza kulijibu vizuri. Altrasaundi ililijibu. Baada ya miezi 14, minyoo hai ilionekana kwa watu 6 kati ya 27 waliopewa dawa, na kwa 24 kati ya 27 wasioipata. Matokeo yalichapishwa 2005 na Mark Taylor, Williams Makunde wa Tanga na wenzao. Ni moja ya mifano bora ya picha ya limfu kujibu swali la tiba, na ilipigwa katika kijiji cha Tanzania.

Upande wa Mbulu, thamani ya picha ilithibitika kwa ugonjwa mwingine. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ilikuwa ikihudumia watu wengi wenye kifafa. Andrea Winkler na wenzake waliwapima kwa CT-skani watu 212 wenye kifafa, na katika matokeo ya mwaka 2009 watu 38 walionekana kuwa na alama za mafunza ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Nguruwe wa Mbulu walikuwa wamekwisha kuchunguzwa na Helena Ngowi na wenzake, ambao mwaka 2004 waliripoti mafunza hayo kwa asilimia 17.4 ya nguruwe waliopimwa ulimini. Kifafa kilichokuwa kikitafutiwa maelezo mengi kilipata sababu moja inayozuilika. Mguu uliovimba unastahili uchunguzi wa namna hiyohiyo, na vifaa vyake si vyote vya gharama kubwa.

Njia mpya kabisa za dunia bado ni za hospitali chache. Moja hutumia rangi ya kijani ya indosianini, inayong'aa chini ya mwanga usioonekana kwa macho. Kamera huonyesha mshipa ukikaza na kulegea, ukisukuma limfu mkupuo baada ya mkupuo, jambo ambalo Kinmonth hakuweza kuliona. Madaktari wanaounganisha mishipa ya limfu na ya damu kwa upasuaji wa darubini huitumia kuchagua mahali pa kukata. MRI nayo huonyesha mishipa ya ndani zaidi pamoja na mafuta na makovu yaliyojaa mguuni. Tanzania ina huduma ya picha za mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ndefu kwa mtu wa Dongobesh au Katesh. Kwa mwanamke aliyevimba mkono baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, au mgonjwa wa saratani ya Kaposi ambayo hupenda kuziba limfu ya miguu, safari hiyo inaweza kuwa ya lazima.

Kwa wengi wa Mbulu na Hanang utambuzi huanza na maswali na mikono. Uvimbe wa podokoniosisi huanzia kwenye vidole na unyayo, hupanda taratibu, huishia mara nyingi chini ya goti, na huishika miguu yote miwili ingawa si kwa usawa. Wa filaria huweza kuanzia juu, kuushika mguu mmoja, na kuandamana na mabusha. Tone la damu kwenye kipimo cha haraka huonyesha kama kuna antijeni ya filaria. Lisipoonyesha, na mgonjwa akawa hajawahi kuishi pwani, udongo hushukiwa. Ukoma hutafutwa kwa kupima hisi za ngozi, maradhi ya moyo na figo kwa mkojo na stetoskopu. Altrasaundi ya hospitali ya wilaya hutofautisha maji ya limfu na damu iliyoganda kwenye mshipa wa paja, kosa linaloweza kumgharimu mtu maisha yake, na hupima unene wa ngozi kabla na baada ya tiba.

Kutenganisha vyanzo kuna matokeo ya moja kwa moja. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, ulioanza Mafia mwaka 2000, hugawa kingatiba ya ivermektini na albendazoli, na dawa hizo hukata njia ya filaria. Haziwezi kitu dhidi ya chembe za udongo. Mwenye podokoniosisi huhitaji kuosha miguu kila siku kwa maji na sabuni, kupaka mafuta, kufunga bendeji, kuinua mguu, na kuvaa viatu vya kufunika unyayo wote na soksi. Katika jaribio lililofanyika kaskazini mwa Ethiopia na kuchapishwa 2018, wagonjwa 696 waligawanywa katika makundi mawili. Waliofundishwa na kupewa vifaa vya utunzaji huo walipata mashambulizi machache zaidi ya homa na maumivu ya mguu kuliko waliosubiri. Mashambulizi hayo ndiyo yanayomlaza mkulima siku kadhaa katika msimu wa kupalilia, na kila moja huongeza makovu kwenye mishipa ya limfu. Mzingo wa mguu, unaopimwa kwa tepu juu ya kifundo na chini ya goti na kuandikwa kwenye kadi ya mgonjwa, hutosha kumwonyesha mhudumu wa zahanati kama uvimbe unapungua.